Pengo la Milimita Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Dada kanikabidhi gari la shule ya udereva. Naandika haya kwa mkono uliotulia. Mkono wa msimamizi.

Mambo yako hivi. Gereji ni ya dada yangu. Aliachiwa na marehemu mumewe, na miaka yote hii ameiendesha mwenyewe, lakini sasa magoti yamegoma. Anatafuta mtu wa kushika funguo: za geti, za stoo, na za kile chumba kidogo chenye feni na kiti cha kuzunguka. Mimi nina miaka kumi na moja hapa. Tena ni damu yake. Mtu mwingine angeona hakuna la kujadili. Dada kaona la kujadili.

Kisa ni Kipimo. Huyu ana miaka mitatu tu kwetu. Jina tulimpa sisi, kwa sababu hafungi hata nati ya tairi bila kutoa kile kipimo chake cha chuma mfukoni na kuandika kitu kwenye daftari. Wakati mimi nafunga magari mawili, yeye bado analizunguka moja. Ni kweli kwamba katika yale mawili yangu, moja hurudi. Lakini mteja anayerudi ndiye mteja mwaminifu.

Asubuhi Dada alituita wote wawili. Akasema gari la shule ya udereva limewekwa injini nyingine, na ule mtambo wake wa zamani wa klachi, wa kuvutwa kwa waya, haukubaliani nayo. Litawekwa wa mafuta. Ijumaa yeye na Mwalimu wa shule hiyo watalipandisha kilima cha nyuma ya tangi la maji. Kazi ni yangu peke yangu, toka kuchagua beringi hadi rangi. Likipanda, funguo zangu. Likishindwa, za Kipimo.

Rangi ni sheria aliyoiacha marehemu shemeji. Fundi akishafunga giaboksi anatia doa kwenye kila bolti. Mimi nyekundu, Kipimo nyeupe. Doa likionekana, gari liko tayari kutoka. Gari likiharibika njiani, doa linasema nani wa kushikwa shati. Shemeji hakuwa mtu wa kuamini watu, Mungu amrehemu.

Nimempigia mke wangu simu kumwambia kwamba mimi ni msimamizi. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Ijumaa. Akasema leo ni Jumatatu. Huyu mwanamke anapenda sana tarehe.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kuchagua beringi.

Nitaeleza kidogo, maana shajara hii huenda ikasomwa na wajukuu. Beringi ya klachi ya mafuta ni kama bangili nene inayozunguka shafti ya giaboksi. Ukikanyaga pedali, mafuta yanaisukuma mbele, inabonyeza vidole vya klachi, na injini na giaboksi vinaachana. Ukiondoa mguu, inarudi nyuma. Ndiyo elimu yote. Kipimo ameigeuza kuwa dini.

Kabla sijaenda dukani alinifuata na kile chuma chake. Akasema nipime unene wa shafti, nipime beringi ina urefu gani ikiwa imebonyezwa mpaka mwisho, halafu nipime inasafiri umbali gani. Nikamwambia jicho langu lilikuwa likipima yeye hajazaliwa. Ana miaka minne zaidi yangu, lakini nadhani alinielewa.

Muuza spea aliniwekea tatu mezani. Akaomba vipimo. Nikamwambia anipe nzuri. Akauliza nzuri kwa gari gani. Watu wa duka hawa wanapenda kujitia ufundi. Nikachukua nene kuliko zote, ndefu, inayong'aa. Hakuna mtu anayekwenda mnadani kuchagua ng'ombe mwembamba.

Alasiri nikaamua kuhakikisha kwamba mafuta yanafika kwenye beringi. Mtu mzembe angepandisha giaboksi kwanza halafu ndiyo ajaribu. Mimi nikaiunganisha mipira giaboksi likiwa bado chini sakafuni, beringi iko wazi inatazama ukuta. Nikajaza mafuta ya breki. Nikaingia garini, nikakanyaga pedali kwa nguvu zote.

Beringi haikuwa na kitu cha kuizuia. Ilichomoka na sili yake, ule mpira wa kuzuia mafuta, ikapita juu ya meza, ikaangusha chupa ya chai ya Dada. Mafuta yakamfuata Mwalimu wa shule ya udereva, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini kuuliza kazi imefikia wapi. Shati jeupe. Nikamwambia mafuta yanafika.

Dada aliokota chupa, akaitikisa, akasikiliza vioo vikicheza ndani, akaingia ofisini. Kipimo akaiokota sili, akaitazama kwenye mwanga, akasema taratibu kwamba beringi ya namna hii haikanyagiwi kabla giaboksi halijakaa mahali pake. Nikamjibu kwamba najua, nilikuwa nachunguza shinikizo. Neno shinikizo lilimfunga mdomo.

Nimerudi dukani kununua nyingine. Ileile nene. Mwanamume habadili msimamo kwa sababu ya chupa ya chai.

Jumatano, 5 Machi

Leo Kipimo kanihubiria tangu saa nne mpaka chakula. Mada: pengo. Anasema beringi ikiwa imerudi nyuma kabisa, kati yake na vidole vya klachi lazima pabaki pengo. Milimita tatu, hapo hapo. Nikamuuliza za nini, wakati vitu viwili vikigusana ndiyo vinashikana vizuri. Akasema sahani ya klachi kadiri inavyolika, vile vidole vinarudi nyuma. Visipokuta nafasi vinabanwa na beringi muda wote, kama vile dereva kaweka mguu kwenye pedali hataki kuutoa, na klachi inateleza. Pengo likizidi nalo, beringi inasafiri mbali mno hadi inatoka kwenye sili yake. Akatazama upande wa chupa ya chai. Nilijifanya sikuona.

Dawa yake, anasema, ni kupima mara mbili. Toka uso wa injini hadi kwenye vidole. Toka uso wa giaboksi hadi kichwa cha beringi ikiwa imebonyezwa. Unatoa hiki kwenye kile, kinachobaki ndilo pengo. Likiwa kubwa, unaweka chini ya beringi vile vipete vyembamba vya chuma tunavyoviita washa, vinaiinua. Likiwa dogo, unaviondoa. Akanyoosha mkono anipe kipimo chake. Akinipa kipimo leo, Ijumaa atasema kaniazima na funguo. Nikakataa.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi nikainama. Alipokwenda kula nilifungua daftari lake. Yote niliyohitaji yalikuwa pale, mwandiko safi kama wa karani: washa mbili, pengo milimita tatu. Juu ya ukurasa aliandika "Lori la unga", lakini klachi ni klachi. Asubuhi nzima ya mahubiri, na jibu lote mistari miwili.

Nikaweka washa mbili. Nikapandisha giaboksi. Likabaki wazi kiasi cha kidole na likagoma kuingia. Nikaligonga. Likagoma. Nikalivuta kwa bolti, moja baada ya nyingine, mpaka likasalimu amri. Kipimo alirudi wakati nakaza ya mwisho. Akauliza kama liliingia lenyewe. Nikasema lilikuwa na hamu ya kuingia.

Nikatoa upepo kwenye mafuta, nikalizungusha uani mara tatu. Gia zote zinaingia. Dada alichungulia dirishani. Nikatia rangi yangu, nyekundu, madoa makubwa, mtu asije akasema hakuona.

Jioni nilipita kwa fundi cherehani. Nimeagiza ovaroli mpya, mgongoni maandishi ya uzi wa dhahabu: MSIMAMIZI MKUU. Akauliza chini ya huyo mkuu kuna wasimamizi wangapi. Nimemwambia ashone.

Jumatatu mke wangu alimweleza mama yake. Leo mama mkwe kapiga simu kunipongeza. Miaka kumi na nne hajawahi kunipongeza kwa lolote. Nilisimama wakati naongea naye.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Asubuhi niliwasha gari nilisikilize. Linalia. Si injini. Ni huko ndani, sauti nyembamba, kama mtu ananoa kisu nyumba ya tatu. Nikakanyaga pedali, inalia. Nikaachia, inalia. Nikalitoa hadi kwenye kale kateremko ka getini, nikageuza, nikajaribu kupanda. Injini ikapiga kelele na gari likabaki linatafakari. Harufu ya kuungua ikaja. Nikarudi kinyumenyume nikipiga mluzi.

Kipimo alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Hakucheka. Angecheka ningejua la kumfanya. Akaja karibu akasema kwa sauti ndogo, Dada asisikie, kwamba tukishikana wawili tunalifungua na kulifunga kabla ya jioni, na hakuna haja ya mtu kujua. Nikamwambia beringi bado mpya, inajizoeza. Akauliza inajizoeza nini. Nikaondoka.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Niliogopa. Nilijiona Jumamosi nikimwomba Kipimo ufunguo wa stoo kuchukua kopo la grisi. Nilimwona mama mkwe ameshika simu. Kulifungua gari kungeniponya, sawa. Lakini kulifungua mbele ya Kipimo ni kutangaza kwamba Kipimo alisema kweli, na hilo sitalifanya hata nikishikiwa jeki kichwani.

Halafu wazo likaja, safi kabisa. Gari likishindwa kilimani, watatazama nini? Rangi.

Nimemwambia Dada jino linaniuma. Akaniruhusu bila kuniangalia. Mchana wote nilikuwa kwa fundi cherehani najaribu ovaroli. Mabega yamekaa vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifika wa kwanza, jua linachomoza. Mlinzi kanifungulia geti. Nikaingia chini ya gari na kitambaa, petroli kidogo, na kopo la rangi nyeupe la Kipimo.

Nyekundu ilitoka upesi kuliko nilivyotegemea. Nilidhani ya tangu Jumatano ingekuwa imekauka, kumbe ilikuwa mbichi kidogo. Umande, nadhani. Nikatia nyeupe kila bolti, madoa madogo ya adabu, kama anavyotia yeye. Injini sikuiwasha, nisimwamshe mlinzi ambaye alikuwa amesharudi kulala. Kwenye meza ya Kipimo palikuwa na washa mbili zinazofanana sana na zangu. Nikazisukumia kwenye debe la taka. Mtu anayejiita nadhifu.

Saa tatu Dada akaja na Mwalimu. Mwalimu safari hii kavaa shati jeusi. Kabla hajashika mlango wa gari, nikatoa sauti. Nikamwambia Dada kwamba nina jambo zito, na nalisema mbele ya watu. Hii kazi nilipewa mimi, lakini mtu ameniingilia. Jana niko na jino langu, mtu kafungua gari langu na kulifunga upya, na ushahidi uko chini. Likifanya vizuri au vibaya, mimi simo. Simo kabisa. Nilirudia mara tatu.

Dada aliinama kwa taabu, magoti yakalalamika, akamulika tochi. Akayaona madoa meupe. Akamwuliza Kipimo kama ni kweli alilifungua gari. Kipimo alinitazama mimi, si yeye. Alinitazama kama mtu anayesoma namba isiyomwingia akilini. Akasema ni kweli alilifungua jana, lakini ile rangi hakuitia yeye. Nikacheka kwa uchungu. Kweli mchimba kisima huingia mwenyewe, nikawaza, na huyu kachimba hadi kwenye maji.

Nilishangaa kidogo kwamba amekubali amelifungua, maana nilikuwa nimelitunga. Lakini mtu akikupa kamba bure huulizi bei.

Tukapanda wote wanne. Mimi nyuma, nimekaa vizuri, nasubiri ile sauti ya kisu. Haikuja. Tukafika chini ya kilima. Sasa, nikajiambia. Mwalimu akaingiza gia ya kwanza, gari likapanda. Ya pili, likapanda. Katikati ya kilima, pale pakali, akasimama kabisa, akashika breki ya mkono, akaanza upya kutoka hapo. Halikurudi hata unene wa kucha. Akalifanya tena. Kisha akamwambia Dada kwamba miaka tisa ya kufundisha hajawahi kukanyaga klachi laini namna ile, hata mwanafunzi anayekanyaga pedali kama anaua nyoka hataweza kuiharibu.

Nikauliza kama hawasikii sauti. Wakasikiliza. Mwalimu akasema anasikia ndege.

Pale pale juu ya kilima Dada akatoa funguo kwenye pochi. Kipimo akasema hapana, akasema kazi ilikuwa yangu. Dada akamwambia aache unyenyekevu, kila mtu amenisikia nikikana mara tatu. Nilitaka kusema kazi ni yangu. Hakuna namna ya kuanza ile sentensi.

Kushuka nilishuka kwa miguu. Nilisema jino.

Jumamosi, 8 Machi

Kipimo kanifuata nyuma ya stoo. Hakukaa kwenye kiti cha kuzunguka, alikuja mwenyewe kwa miguu.

Akanieleza. Alhamisi mchana, nilipokwenda kwa "daktari wa meno", alilitoa giaboksi langu. Akapima. Akakuta pengo hakuna hata chembe, beringi imelala juu ya vidole, inazunguka bila kupumzika. Ile beringi nene yenyewe, anasema, ilikuwa sawa kwa bahati tu. Washa mbili ndizo zilizoharibu. Akazitoa, pengo likabaki milimita tatu na nukta moja. Akafunga. Halafu akachukua kopo langu, akatia rangi nyekundu, doa kwa doa, makubwa kama yangu. Alitaka lipande kilima kwa jina langu. Alisema mtu wa miaka kumi na moja haondolewi heshima kwa washa mbili.

Kisha akauliza, kwa upole, nani aliyetia nyeupe.

Nikasema panya.

Akatikisa kichwa akaenda zake. Nilibaki pale nimeshika kopo tupu la grisi. Iliniuma, nakiri. Iliniuma mpaka nikakaa juu ya tairi. Laiti ningelala nyumbani Ijumaa asubuhi kama mtu mvivu, leo ningekuwa chini ya feni. Hivyo ndivyo alivyonimaliza. Angenitilia mchanga waziwazi ningejilinda. Akanitendea wema kwa siri, bila kunipa taarifa. Mtu wa hatari sana.

Nyumbani ovaroli imefika. Mke wangu aliitandika kitandani akaisoma herufi kwa herufi. Akasema haina shida, niivae tu, maana haikuandikwa nasimamia nini. Mama mkwe kapiga simu. Nimemwambia mke wangu aseme nimelala. Akasema nimelala. Nikasikia sauti ya mama mkwe kwenye simu ikisema hilo analijua siku nyingi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaza Jumapili nzima na nimeliona kosa langu. Ilikuwa rangi isiyo sahihi. Nilipoteza kwa kutia nyeupe kwenye kazi yangu. Basi nitapata kwa kutia nyekundu kwenye kazi yake. Dada bado hajaandika barua ya usimamizi, anasema anampa Kipimo mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi mmoja wa madoa mekundu, nani atakumbuka kilima?

Nimevaa ovaroli, nimeigeuza ndani nje.

Bahati imekuja mapema. Kipimo katoka saa mbili kwenda dukani kutafuta washa, amesema atarudi mchana. Kaacha basi dogo la wauguzi juu ya mawe, giaboksi limepandishwa, bolti zote ziko mahali pake, na hazina rangi hata moja. Kasahau. Kile cheo kimeshampanda kichwani siku ya kwanza. Zilikuwa zimelegea kidogo, nikazikaza, nikatia nyekundu. Madoa makubwa. Nikalishusha.

Dada kapita, kaona rangi, kasimama. Akaniuliza kama ni mimi niliyelifunga. Nikasema mimi, peke yangu, toka mwanzo hadi rangi, na safari hii mashahidi wapo. Akaniwekea mkono begani. Mara ya mwisho alinishika bega nikiwa darasa la tano. Akasema wauguzi wamepiga simu mara mbili kulitaka, atalipeleka mwenyewe sasa hivi, magoti leo yana nafuu.

Wakati anafuata pochi yake nikasafisha ndani. Kwenye kiti cha mbele Kipimo alikuwa ameacha daftari lake, hesabu ya pengo la basi haijamalizika, na juu yake boksi la beringi mpya ya klachi ambalo hata halijafunguliwa. Boksi nimelipeleka stoo. Mtu anayeacha vitu vya gereji ovyo namna hii ndiye anapewa funguo.

Sasa naandika nikiwa chini ya feni, kwenye kiti chenyewe, najaribu tu. Nasikia Dada anawasha gari.